Nilijaza daftari la mvua kabla mvua haijanyesha, kisha tukawafungia wasomaji

Wakuu, salaam kwenu nyote.

Nimeupitia ule uzi wa vijana wa IT wanaobishana kama user wa kawaida aruhusiwe kusoma logs za mfumo, yaani daftari la kumbukumbu za kompyuta, au azuiwe kwa policy. Mimi ni mzee mstaafu, server sijui inafananaje, ila logs nimewahi kuwafungia watu. Haya yalinipata mwenyewe, na mengine yananiaibisha hadi leo.

Ilikuwa miaka ya Ujamaa. Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, mtu wa Mbeya, nimepangiwa kupima mvua kwenye kijiji kimoja huko Ufipa, upande wa Chala.

Kazi nyepesi. Kila siku saa tatu asubuhi unapima maji ya kwenye kipimo, unaandika kwenye daftari la serikali. Wanakijiji wakanibatiza Bwana Mvua.

Mchana ofisi yangu ilikuwa darasa la elimu ya watu wazima. Vitabu vilikuwa vichache, basi wanafunzi wakawa wanajisomea daftari langu, maana lilikaa wazi mezani. Mama mzima anafuata mstari kwa kidole, "Ju-ma-ta-no, ma-wi-ngu," darasa zima linapiga makofi. Raha tupu.

Sasa, mchumba wangu alikuwa Sumbawanga mjini.

Ijumaa moja, mwishoni mwa msimu, nikajaza Jumamosi na Jumapili kabisa ili niondoke. Bosi wangu wa wilayani alishalalamika kwamba takwimu zangu zinafanana mno, kwa hiyo Jumapili nikaichangamsha kidogo: "Alasiri, mvua ya mawe. Milimita 18.5." Nikaenda zangu.

Jumamosi darasani Mama Yustina, mjane wa watoto wanne, akausoma mstari ule. Wenzake walimcheka kwamba herufi bado zinampiga chenga. Hakubishana nao. Alitoka na wanawe wakavuna ulezi mpaka jua likazama.

Jumapili, watu wametoka misa wamepumzika, mawe yakashuka. Ulezi wote uliokuwa shambani ukapukutika chini.

Nilirudi Jumatatu asubuhi, nikaenda moja kwa moja kwenye kipimo.

18.5.

Nikapima mara tatu. Ni ileile. Wakuu, niliogopa mpaka nikakaa kwenye matope.

Minong'ono ikaanza. Mjane amejuaje, kama si yeye aliyeyaita mawe? Alipojitetea kwamba alisoma kwenye daftari, watu wakasema mvua ya kesho haisomwi. Hata wenzake wa darasani hawakuwa na uhakika tena kama maneno yale yalitoka kwenye karatasi au kinywani mwake. Kikao kikapangwa Alhamisi, na habari zilizozagaa ni kwamba atafukuzwa kijijini na watoto wake.

Jumanne bosi akaja. Amesikia wananchi wanapiga porojo juu ya takwimu za serikali. Akatoa amri: daftari liingie kabatini, lifungwe, mtu wa kawaida asilitie macho tena. Ufunguo nibaki nao mimi, kwa kuwa mimi ni mtumishi. Hakufunua hata ukurasa mmoja.

Nisiwafiche, nilifurahi. Uongo wangu ulikuwa umepata kufuli la serikali.

Jumatano Mama Yustina akaja.

"Mwanangu, fungua lile daftari, useme uliandika lini," akasema. "Waone kwamba nilisoma tu, sikutenda."

Nikamwambia amri hairuhusu. Akaliangalia kabati, kisha akaondoka.

Alhamisi nikalibeba daftari mpaka kikaoni. Nikasema mbele ya wote kwamba nilitunga, niliandika tangu Ijumaa, na mama huyu hana kosa. Mwenyekiti wa kijiji akausoma mstari kwa sauti. Akaniuliza Jumatatu nilipima ngapi. Nikamjibu: 18.5, ileile.

Nilitegemea matusi, hata kipigo. Badala yake macho yote yakanigeukia mimi. Hakuna aliyemtazama tena mjane.

Mzee mmoja, umri wa babu yangu, akavua kofia. "Shikamoo," akaniambia.

Kuanzia hapo hakuna aliyenitania. Watoto walinipisha njiani. Wazee waliniamkia, na nikikataa kuitikia wanazidi kuogopa. Darasa likahamia kwingine. Nikaomba uhamisho.

Siku moja kabla sijaondoka, Mama Yustina alikuja na ungo wa ulezi. Akapiga magoti, mtu wa umri wa mama yangu. Nikamwambia tena kwamba nilitunga tu, sina uwezo wowote. Akatikisa kichwa kukubali, taratibu, kama tumeshirikiana siri.

"Nimeelewa, mzee," akasema. "Ila huko uendako, usituandike."

Vijana, fungieni logs zenu kama ni lazima, sipingi. Ila sisi tuliwazuia wasomaji, na ufunguo tukampa aliyeandika uongo. Mama wa watu nusura apoteze kijiji, na ushahidi wake ulikuwa hatua tano tu kutoka alipokuwa amesimama.

Mimi mpaka leo siandiki jambo la kesho kwenye karatasi. Hata kadi za harusi ya binti yangu, tarehe aliijaza mama yake.

Haya, ma-admin, kwenu ufunguo anao nani, na nani anamkagua? Shusheni maoni, nayasoma yote.