Wimbo wa Klachi

Ule wimbo wangu wa gari, unaochezwa harusini kuanzia Iringa mpaka Mbeya, watu hudhani nilimtungia mrembo fulani. "Huyo mama unayemwambia aachie ni nani?" Nawajibu: mama yangu mzazi. Wanacheka. Basi wacheke.

Baba alipata kiharusi. Mguu na mkono wa kulia viligoma, na maneno yakamkimbia kabisa. Mtu aliyekuwa akifoka nyumba nzima ikatulia, sasa anakutazama tu, machozi yanamlenga. Hospitali wakataka apelekwe mazoezi Iringa mjini kila wiki, la sivyo mguu ndio basi tena. Kupanda basi hawezi. Pikapu yake ilikuwepo nyumbani Kilolo, ila dereva alikuwa yeye mwenyewe, na miaka yote alikataa katakata kumfundisha mama. "Mwanamke na usukani wapi na wapi!"

Mimi napiga gitaa kwenye bendi Mbeya. Nikaomba ruhusa, nikaenda kumfundisha.

Jamani, mama yangu! Mwimbaji wa kwaya ya Kilutheri, mtu mzima na wajukuu, kaukumbatia usukani kwa mikono miwili. Kila akiachia klachi, gari linaruka, puu, linazima. Nikamfokea, nisiseme uongo. Akashuka, akakaa kwenye nyasi, akalia. Naona aibu mpaka leo.

Kesho yake akaja na dawa yake: anaachia klachi huku akiimba wimbo wa kwaya, mguu unafuata sauti. Ikakubali! Uwanja wa kanisa tukauzunguka tutakavyo. Ila mlimani, wapi! Nyimbo za ibada zinakwenda polepole. Ubeti haujaisha, gari limesharudi nyuma mpaka kwenye mahindi ya jirani.

"Mama, huu wimbo utatuua," nikamwambia. Tulicheka mpaka tukaishiwa nguvu. Jioni ile nikachukua gitaa, nikamtungia wa haraka haraka: *Achia, mama, achia, kanyaga mafuta, twende.* Akawa anauimba jikoni akipiga mguu chini, baba kaketi anasikiliza.

Siku ya kwanza ya kliniki, mama, leseni mkobani, alishika usukani, baba pembeni yake, mimi nyuma. Katikati ya mlima ng'ombe wakavuka, akasimama. Kuondoka sasa, akaganda. Wimbo wote umempotea. Gari likaanza kurudi nyuma. Nikafungua mdomo nimsaidie, nikasikia sauti nyingine, nzito, inakwaruza.

"Achia... mama... achia."

Ni baba! Miezi minne hakuwa ametamka hata jina lake. Mkono wake mzima unapiga mdundo kwenye dashibodi. Mama akaachia, gari likapanda, machozi yanamtiririka.

"Mama, angalia barabara!" nikafoka tena, na mimi mwenyewe nalia.

Tulipofika, nesi akamsalimia, "Shikamoo, baba."

Baba akahangaika na mdomo. Marahaba haikuja. Basi akamjibu kwa alichokuwa nacho, akiimba:

"Kanyaga mafuta, twende."