Rimu za Nati Tatu

Tangu augue, Baba alinituma kitu kimoja tu, na kitu chenyewe kilikuwa cha kunitesa. Alitaka rimu nne za gari lake. Si rimu yoyote, la. Rimu za chuma, saizi kumi na tano, matundu matatu ya nati, zile zile gari lilitoka nazo kiwandani. Ni stesheni wagoni ya Kifaransa, kuukuu kunishinda mimi, na miaka yake yote ya kazi aliiendesha ikibeba abiria kutoka Nairobi mpaka kwetu Kakamega. Sasa ilikuwa imekaa juu ya mawe kwenye ploti anayoishi, huko mtaa wa Kongo, Kawangware, hapa Nairobi. Kuku wa mwenye nyumba walikuwa wakitagia kiti cha nyuma. Magurudumu yaliibiwa kitambo.

"Mama," akaniambia. Huniita mama kwa sababu nimebeba jina la mamake. "Nitafutie miguu ya gari. Nataka kwenda nyumbani nimekaa mbele, kabla sijafa."

"Baba, si tupande basi?"

"Basi ni ya nani?"

Kiharusi kilimwachia mkono mmoja na maneno machache, na hayo machache aliyaweka ya kunijibu mimi.

Mimi naishi Lindi, Kibera, nauza mitumba ya watoto. Mambo ya rimu ningeyajulia wapi? Nilizunguka gereji moja hadi nyingine na mafundi wakanicheka. Magari ya siku hizi ni nati nne au tano. Ukitaja tatu wanakuangalia kama mtu aliyeomba kuku wa miguu minne. Fundi mmoja akaniambia, "Mathe, hiyo utapata makumbusho." Nikamwambia makumbusho ni yeye, nikaenda zangu.

Mwishowe muuza vyuma chakavu mmoja wa Kawangware akanitolea nne, kila moja na matundu yake matatu. Nilizipakia kwenye mkokoteni nikafika kwa Baba nikiimba, nakwambia. Alikuwa amekaa mlangoni. Akapitisha kidole kwenye ukingo wa ya kwanza, taratibu, akaisukuma.

"Hizi ni za mdogo wake."

Kumbe kiwanda hicho kilitoa pia gari dogo baadaye, nati tatu vile vile, ila rimu ni saizi kumi na nne. Nikamuuliza nani ataona hiyo inchi moja. "Mimi," akasema. Nikarudi kwenye mkokoteni nikaipiga rimu teke, nikachechemea siku kadhaa. Nilikuwa na hasira naye, na nilimhurumia, na sikujua nianze na lipi.

Aliponiona nimetulia, alinionyesha namba ya saizi iliyogongwa upande wa ndani, karibu na tundu la valvu, lile la kujazia upepo. Na mimi nikagundua nimekuwa nikitafuta mahali pasipofaa. Huku mitaani kwetu rimu haibaki gereji. Inajazwa simiti, inashikilia mwavuli wa wakala wa pesa za simu. Inawekwa makaa, inakuwa jiko. Inatundikwa kwenye mti wa kanisa na kugongwa, inakuwa kengele. Nikaanza kutembea macho chini, watu wakidhani nimepoteza pesa.

Mbili nilizipata chini ya miavuli karibu na mtaa wa Nyayo Highrise, na simiti yake nikaitoa kwa nyundo na patasi mpaka viganja vikatoka malengelenge. Ya tatu, nisiongope, ilinikasirisha. Ilikuwa jiko la jirani yangu anayechoma mahindi hapo Lindi, yule ninayenunua kwake kila jioni. Nilikuwa nimekula juu ya rimu ya Baba na sijui. Nilimnunulia jiko jipya, akanipa.

Fundi wa kuchomelea aliyeisafisha akaigeuza, akatingisha kichwa. "Hii imekula moto miaka mingi. Ukienda nayo barabarani itakunjika."

"Haina shida."

"Haina shida aje, mama? Utaua watu."

Ikabidi nimwambie. Gari halina injini. Baba alipolazwa, sisi watoto wake tuliiuza ili atibiwe, na hakuna aliyepata moyo wa kumwambia. Yeye anajua amekosa magurudumu tu. Kila mara nikienda Kongo najiambia leo nitasema, halafu nafika, ananiuliza rimu zimefika ngapi, nami namhesabia. Fundi akachukua brashi. Akaipaka rangi ya fedha vizuri sana, hata pale pasipoonekana.

Ya nne ilikuwa kengele ya kanisa dogo hapo hapo Kongo. Akina mama wa kanisa, wengi wao watu wa kwetu, walikataa katakata kubaki bila kengele. Nikawaletea zile rimu nne za mdogo wake. Wakazitundika moja moja, wakazigonga kwa chuma, wakabishana juu ya sauti kama wanachagua mwimbaji, mpaka wakapata waliyoipenda. Nikaondoka na yangu, nikazivisha zote nne matairi makuukuu.

Jumamosi asubuhi majirani waliliinua gari, wakatoa mawe, wakalishusha juu ya magurudumu yake. Baba alitoka amevaa koti na viatu vya ngozi. Akalizunguka nimemshika kwapani, akagusa nati za kila gurudumu, moja, mbili, tatu. "Ndizo," akasema, na upande mmoja wa mdomo ukacheka. Sijawahi kufurahi na kuogopa kwa pamoja hivyo.

Tukampandisha mbele. Nikakaa kwenye usukani, kwa sababu ningekaa wapi? Majirani walikuwa wanajua habari ya injini.

"Washa, mama."

Nikashika ufunguo. "Baba," nikaanza, macho kwenye boneti. Akangoja. Alikuwa akiniangalia mkono, ule wa ufunguo, ambao haukuugeuza. Kisha akageuza shingo polepole, akatazama viti vya nyuma, vyote vitupu. Gari za namna ile hazikuwa na saa ya kuondoka. Ziliondoka zikijaa.

"Haijajaa," akasema. "Hatutoki na viti tupu. Ita watu."

Sikujua kama amejua. Mpaka leo sijui. Nilishusha kioo nikaita, "Kakamega, Kakamega," machozi yakinishuka, na majirani wakatazama chini, na Baba akaweka mkono wake mzima juu ya goti, akangoja abiria.