Jina Lililomnyamazisha

Kila nikifungua dumu la asali, ile harufu ya moshi hunirudisha chumbani kwa mama. Mdogo wangu alikuwa na siku mbili, analia tu, ziwa halitaki. Baba, karani wa stesheni, alishamchagulia jina la mke wa Bwana Shauri, Mzungu mkuu wa wilaya.

Bibi aliingia akitoka kukamua asali, akinuka moshi wa mizinga, akampakata mtoto, akaanza kumtajia majina ya wanawake wa ukoo waliokufa, moja baada ya jingine. Kilio kiliendelea. Mwisho akataja la mama yake mwenyewe, aliyemwacha Bibi angali mdogo, akaenda pwani na msafara wa pembe za ndovu asirudi.

Mtoto akanyamaza, akamkazia macho.

Bibi akapiga magoti. "Shikamoo, mama. Umekawia njiani."

Mpaka leo, mdogo wangu huyo mimi ndiye ninayemwamkia.