Pombe ya Posa na Udongo Mweupe wa Kariandusi

Mwanangu, iko asubuhi moja ya mwezi wa Julai ambayo naikumbuka kuliko hata siku ya harusi yangu. Nilikuwa nimepiga magoti mbele ya sanduku la mbao, sikio kwenye kibuyu, nikitafuta mlio wa pombe inayochacha. Kibuyu kilikuwa kimya kama jiwe, na wakwe walikuwa wanatungojea kesho yake.

Miaka ya hamsini ilikuwa inaelekea kuisha. Nilikuwa kijana wa miaka ishirini na mitatu, mchimbaji wa udongo mweupe pale Kariandusi, na nilikuwa nimempenda Wambui, binti wa Mzee Gathogo wa Elmenteita. Kwetu huendi kuomba msichana mikono mitupu. Unapeleka pombe ya muratina, ile ya asali inayochachushwa kwa vipande vya tunda la muratina. Baba yangu alikuwa amefariki, kwa hivyo kazi hiyo ilikuwa ya ndugu yake, baba mdogo Njuguna.

Shida ilikuwa baridi. Kibuyu kikipoa, pombe inalala. Nasi ruhusa ya kukusanyika tulikuwa tumepewa ya siku moja tu, Jumamosi, maana wakati huo wa hali ya hatari hata wazee watano hawangeketi pamoja bila karatasi ya serikali.

Akili ni nywele, na mimi nilijiona nina nyingi. Nilikuwa nimegundua kwamba sufuria ya uji ukiifukia kwenye ule udongo mweupe, baada ya saa sita unaikuta bado inatoa mvuke. Basi nikatafuta sanduku la chai, nikasimamisha kibuyu katikati, nikashindilia udongo pande zote na kufunika juu kwa magunia.

Baba mdogo alilizunguka lile sanduku. Alipima asali, akaweka vipande vyake vya muratina vyenye chachu kwenye kibuyu, kisha akashika fimbo kwenda kuangalia ng'ombe wa mzungu aliyemwandika kazi.

"Maji yakipata moto, uniite kabla hujamimina," akaniambia.

Sikumwita. Si nilikuwa nimemwona akimimina mara nyingi? Nikamimina maji ya moto vile vile nilivyozoea kumwona akifanya, nikafunika, nikaenda kazini nikipiga mluzi.

Hiyo ilikuwa Jumanne. Ijumaa nilipoonja, ilikuwa tamu kama siku ya kwanza. Sitakuficha, mwanangu: nilifikiria kuitia chang'aa, ile pombe kali, ili iwake kooni, wazee wasijue. Nilishafika mlangoni kwenda kuitafuta. Lakini mficha uchi hazai. Nikageuka, nikaenda kumwita baba mdogo.

Alitumbukiza kidole, akanitazama kwa mshangao. "Siku ya tatu, na bado ina joto! Sanduku lako limefanya kazi. Wewe ndiye hukufanya yako."

"Nilimimina kama wewe, baba."

"Mimi namimina ya moto kwa sababu kibuyu changu kinakaa kwa baridi, kinapoa haraka. Chako hakipoi. Umeichemsha chachu, umeiua. Kwani kuniita kungekupunguzia nini?"

Nikakitoa kibuyu sandukuni, nikaanza kukifuta vumbi jeupe.

Jumamosi tulienda na kibuyu kile kile. Mzee Gathogo alionja, akawapitishia wenzake.

"Haya ni maji ya asali," akasema.

"Ndiyo, mzee. Niliharibu mimi, si baba mdogo."

"Na hukufikiria kuichanganya na kitu?"

"Nilifikiria, mzee."

Wazee wakaangua kicheko. Mzee Gathogo hakucheka. Alinitazama mpaka jasho likanitoka, kisha akasema, "Rudi ukapike. Msichana haendi mahali."

Tulingoja wiki tano kupata ruhusa nyingine, na hizo wiki zilikuwa ndefu, mwanangu. Safari hii baba mdogo alisimama kando yangu. Nilipima maji kwa ndani ya kiganja, kama mama anayetaka kumwogesha mtoto, na sikumimina mpaka aliposema sawa. Siku ya tatu pombe ilikuwa inatokota bila moto wowote chini yake. Wakwe waliinywa, na Wambui ndiye mama yenu. Baba mdogo naye alilichukua lile sanduku, akapikia humo mpaka uzee ulipomshinda.

Sasa unisikilize. Siwakatazi kubuni vitu vipya. Vijana wasipobuni, kijiji kinaoza. Lakini ukibadilisha chombo, ujue na kipimo kimebadilika, na anayekijua kipimo cha zamani ndiye wa kukusaidia kupata kipya. Kuuliza si ujinga. Na ukiharibu, sema umeharibu mapema, kabla uongo haujakaribishwa kuketi na wageni.

Mungu akupe mikono yenye ujuzi na mdomo usioona haya kuuliza. Upate wakwe wenye subira, na wazee wa kusimama kando yako unapomimina. Nenda na amani, mwanangu.