Gitaa Lililokaushwa Darini

Fundi wa Makambako alilishika gitaa la umeme la marehemu baba kwa kitako, akafumba jicho moja na kuichungulia shingo yake hadi mwisho, kama mnunuzi wa mbao anayetafuta ubao uliopinda. Kisha akalinusa.

"Hili lilikaa jikoni," alisema.

Mimi na mama tulikuwa kwenye benchi lake. Nilitaka alipime, aseme thamani yake, liuzwe, turudi Njombe. Mama nilimwambia gitaa halifai kuning'inia ukutani bila mpigaji. Maneno mazuri hayo. Ukweli ni kwamba tangu baba afariki lilikuwa likinitazama, nami nilichoka kutazamwa.

Fundi aliendelea kukagua. Skrubu mbili za shingoni zilikuwa za bawaba za mlango. Kitufe cha sauti kilikuwa kifuniko cha dawa ya meno. Nyaya za ndani zililehemiwa upya, tena vizuri, na gundi ilipakwa zaidi ya mara moja.

"Aliyelitengeneza alikuwa na subira," alisema. "Ila nani alilibanika?"

Nilimjua. Nikiwa darasa la sita, baba alikwenda Manda kwenye msiba wa ndugu yake, akakaa mwezi mzima. Gitaa alilinunua kwa bendi iliyovunjika, na kila Jumapili alilipigia kwaya ya usharika wetu. Aliniachia nilitunze kwa agizo moja tu: lisipate unyevu. Ilikuwa Julai, na Julai ya Njombe hata blanketi huamka bichi. Kwetu kitu kisichotakiwa kupata unyevu hupandishwa darini, juu ya moto wa jikoni, pamoja na mahindi ya mbegu. Nikalipandisha. Mahindi yalikauka vizuri sana.

Baba aliporudi, shingo ilikuwa imeachia na rangi imetoka malengelenge. Akauliza nani kaliweka kule. Niliogopa fimbo, nikasema, "Mama." Mama akaingia na kuni kichwani, akaulizwa, akanitazama mara moja.

"Ni mimi," alisema.

Baba hakumpiga wala hakumtukana. Hakumsemesha tu, hadi mvua za kupandia. Kanisani kwaya iliimba bila gitaa, na wanakwaya walijua wamnunie nani. Mimi nilikula ugali wangu nikanyamaza.

Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilikwenda zaidi ya miaka arobaini, ikafika hadi Makambako.

"Ni mimi, mwanangu," mama alimjibu fundi. "Nililiweka darini. Sisi watu wa zamani tulidhani kila kitu ni mahindi."

Mtu mzima na mvi zangu, bado nimejificha nyuma ya khanga ya mama!

"Mama, si wewe," nilisema. "Mimi ndiye niliyeliweka, nikakusingizia."

Fundi akainama, akajifanya anatafuta bisibisi. Nilingoja mama anikaripie, ningeshukuru. Lakini miaka hii mama husahau. Husahau kama amekula, na humwita mjukuu wake kwa jina la dada yake.

"Usinibebee kosa langu," alisema, akinipapasa goti. "Wewe ulikuwa mtoto mzuri. Baba yako alipolazwa nilimwomba msamaha kwa ajili ya hilo gitaa. Nililia sana siku ile. Akanisamehe."

Nilirudia habari yote, ya Manda, ya mahindi, ya fimbo. Alinisikiliza kwa huruma, kama anavyomsikiliza mtoto mwenye homa, na mwisho akatikisa kichwa. Baba alikwisha kutoa msamaha wake, akampa asiye na kosa. Mama hakuwa na habari kwamba kuna wa kumsamehe. Niliumia, na nilijua nimestahili.

Fundi akauliza kwa sauti ya chini kama bado tunauza. Mama ndiye aliyemjibu.

"Uza, baba. Na mnunuzi akiuliza, asije akamlaumu mwenye gitaa. Mwambie liliharibiwa na mke wake."