Ijumaa Niliyochelewesha Sabato

Yeyote aliyekulia kule kwetu, juu kidogo ya Nyaramba, anaijua harufu ya majani chai yaliyokosa lori. Yakitoka shambani yananukia vizuri, kama nyasi iliyofyekwa asubuhi. Ukiyaacha yamebanana kikapuni yanaanza kupata joto lenyewe, yanageuka mekundu, na harufu inakuwa nzito, ya kitu kilichochemshwa kikasahauliwa jikoni. Mwaka niliokuwa na miaka kumi na mitatu, harufu hiyo ilikaa kwenye migomba yetu wiki baada ya wiki. Mvua ilikuwa imeharibu barabara, lori la kiwanda lilikuwa linafika jioni sana, na sisi ni watu wa Sabato. Jua likizama Ijumaa kazi imekwisha, hata kama karani amesimama mbele yako na mizani yake. Basi Mama aliyaacha majani yake kituoni, pale chai inapopimwa, na Jumapili akaenda kuyachukua na kuyamwaga chini ya migomba. Nilimwona akifanya hivyo wiki mbili mfululizo. Alikuwa anakikung'uta kikapu kwa nguvu, kama mtu anayemkaripia mtoto, kisha anarudi jikoni.

Kanisani kwetu vijana ndio waliokuwa na shughuli nyingi kuliko wazee, na mwenye kuzipanga alikuwa Ndugu Ombati, fundi cherehani, kijana mrefu aliyekuwa hacheki ovyo. Jumatano tulikuwa na mazoezi ya kwaya. Alhamisi tulikwenda kuwachotea maji wagonjwa na wakongwe. Ijumaa jioni tulifungua Sabato kwa wimbo, neno na sala, na Jumamosi alasiri tulishindana kutafuta mafungu ya Biblia mpaka vidole vinauma. Kila kazi ilikuwa na jina la mtu kwenye karatasi iliyobandikwa mlangoni, na mbele ya maneno "kupiga chuma" palikuwa na jina langu, Moraa. Chuma chenyewe kilikuwa ringi ya gurudumu la trekta, iliyoning'inizwa kwenye mkaratusi nje ya kanisa. Kila Ijumaa Ombati alinivulia saa yake ya mkono na kunitajia dakika ya jua kuzama, nami nasimama pale na kipande cha nondo. Nikipiga, kilima kizima kinaweka kazi chini. Jamani, mtoto wa miaka kumi na mitatu akipewa kitu kama hicho kichwa kinavimba. Nilijiona kama mimi ndiye ninayelizamisha jua.

Mama alikuwa shemasi, na kazi yake kubwa ilikuwa kuoka mkate wa meza ya Bwana, ule usiotiwa chachu. Hakuna jambo alilolipenda kama hilo. Siku ya kuoka alitufukuza jikoni sote, akafunga kitambaa safi kichwani, na ukimsemesha hakujibu. Lakini mwaka uliotangulia alikuwa amepimisha chai jua likiwa limezama, mtu akamwona, na baraza la kanisa likamwita. Lilimsamehe kwa sharti moja, kwamba akirudia angeondolewa ushemasi. Alirudi nyumbani macho mekundu na kutuambia, "Hiyo ndiyo mara ya mwisho mtu kuniita mle ndani." Hilo nililijua. Nilijua pia kwamba chai ndiyo iliyotulisha, maana Baba alikuwa ameshafariki. Nikayaweka mambo hayo mawili kichwani pamoja nikaona nimepata ujanja.

Ijumaa ya tatu mvua ilinyesha kuanzia saa nane, kisha ukungu ukashuka. Mama alikuwa kituoni chini ya kilima na vikapu vitatu, tangu alasiri. Mimi nilikuwa chini ya mkaratusi na saa ya Ombati mkononi, ikiwa imelegea mpaka karibu na kiwiko. Jua halikuonekana kabisa. Angani kulikuwa kweupe na kuzito, na hakuna mtu pale kilimani aliyeweza kujua limefika wapi isipokuwa mimi. Zilipobaki dakika nne nikasikia lori. Lilikuwa linanguruma kwenye kona ya mwisho, linateleza, linanguruma tena. Nikamwomba Mungu alisukume. Ndiyo, nilimwomba Mungu alisukume lori la chai dakika nne kabla ya Sabato yake, na wakati ule sikuona ajabu yoyote. Zikabaki dakika mbili, likazimika. Likawashwa. Dakika ikafika, mshale ukasimama pale nilipoambiwa, na lori ndiyo kwanza linaingia kituoni. Nondo ilikuwa mkononi mwangu. Sikupiga.

Badala yake nilikivuta kile kijipini cha pembeni cha saa na kuurudisha mshale nyuma dakika kumi na mbili. Ndani ya kanisa vijana walikuwa wameshakaa, na Kwamboka, rafiki yangu aliyekuwa na zamu ya kuanzisha wimbo, akachungulia mlangoni. "Moraa, bado tu?" Nikamwambia bado. Ombati naye akatoka, akaangalia juu kwenye ule weupe, akaniangalia, akanyoosha shingo kuona saa. Nilimwonyesha mwenyewe. "Leo jua limechelewa," akasema, na kurudi ndani. Aliniamini, na hilo liliniuma kuliko kama angenishika sikio. Kisha nikaanza kusikia kilima. Mtu alikuwa anapasua kuni, pa, pa, pa. Kinu cha kusagia mahindi kilikuwa kinaendelea. Mama mmoja kisimani alikuwa anawaita wanawe waje wabebe maji. Watu wote hao walikuwa wanavunja Sabato bila kujua, wakingoja mkono wangu. Kila shoka lilipotua nilishtuka. Nikawa najiambia, mtu mmoja zaidi kwenye foleni, mmoja tu, Mama atakuwa amepimiwa kabla ya chuma, na hakuna wa kumshtaki.

Zilikuwa zimepita dakika tisa nilipoona mtu akipanda njia ya kanisani. Kitambaa cha njano kikatoka kwenye ukungu kwanza, kisha gauni lililolowa mpaka magotini, kisha mikono mitupu. Alikuwa Mama. Hakuwa na kikapu hata kimoja. Alisimama mbele yangu akihema, akaniangalia usoni, akaiangalia saa, akaiangalia nondo.

"Mama, lori si limefika?"

"Limefika. Nimeyaacha. Kuku wa pale dukani walikuwa wameshapanda kulala." Akaigeukia ringi. "Mbona chuma hakijalia?"

Kumbe hakuwa akingoja chuma. Alikuwa ameangalia kuku wa watu akajua saa imefika, akatoka kwenye foleni zikiwa zimebaki zamu mbili, akayaacha majani yake ya siku nzima. Niliona uso wake unavyobadilika alipoelewa, na sijapata kuona tena uso kama ule. Hakunipiga. Laiti angenipiga! "Piga," akasema. Nikapiga, na kilima kikanyamaza, shoka, kinu, kila kitu. Nilimrudishia Ombati saa yake vilevile, imechelewa.

Asubuhi iliyofuata, kabla ya somo, mzee wa kanisa alisimama. Alikaa ng'ambo ya bonde, alikuwa na saa yake mwenyewe, na alikuwa amesikia chuma kikilia wakati yeye ameshamaliza sala. Aliuliza idara ya vijana imefanya nini. Ombati akainuka na kuivua saa mbele ya watu wote. "Saa yangu imechelewa," akasema. "Kosa ni langu. Nimewakosesha ndugu zangu, naomba mnisamehe." Kijana yule alikuwa hajawahi kuchelewa hata mazoezi ya kwaya! Nilikuwa benchi la pili. Nilijua la kufanya, Kwamboka akanigusa kwa kiwiko maana alianza kuelewa, na miguu yangu ikakataa. Ndipo Mama akasimama kwenye benchi la mashemasi.

"Msimlaumu Ombati," akasema. "Chuma kilichelewa kwa sababu ya chai yangu. Msiniulize zaidi."

Hakudanganya hata neno moja, na hakunitaja. Baraza lilikaa alasiri ileile na kumwondoa ushemasi mwaka mzima. Kile nilichotaka kukilinda ndicho nilichokivunja, na mimi sikupoteza chochote. Jina langu lilibaki mlangoni. Niliendelea kupiga chuma kila Ijumaa, kwa dakika yake kamili, mpaka nilipokwenda sekondari. Meza ya Bwana ilipowadia mwanamke mwingine aliuleta mkate. Mama aliupokea kama washiriki wengine, akatafuna polepole. Mwaka ulipokwisha walimwomba arudi, akasema mikono imechoka. Hakuoka tena.

Leo naishi Suneka, na kazi ya Ombati ndiyo yangu sasa. Mimi ndiye ninayepanga zamu za vijana, kwaya, kutembelea wagonjwa, neno la Ijumaa. Hatuna chuma. Dakika ya jua kuzama inaingia kwenye simu za wote kwa pamoja, na hakuna mtoto anayeweza kuirudisha nyuma kwa ajili ya mama yake. Nashukuru, ingawa siku nyingine naona tumewapunguzia watoto uzito ambao ungewafaa. Wananitania kwa sababu nawaita mapema kupita kiasi. "Anti Moraa, tulia, jua bado lipo!" Nacheka nao. Hawajui ninachokikimbia.

Mama sasa ni mzee na anakaa kwangu. Juzi alikuwa anachambua maharagwe mlangoni, akaniuliza neno la Ijumaa hii ni zamu ya nani.

"Yangu," nikasema. "Nimejiandika mwenyewe. Nitawaambia kuhusu chuma."

Mikono yake ikasimama. Tangu siku ile hatukuwahi kulitaja jambo hilo, wala yeye wala mimi. Nilimwambia kwamba Ombati nimeshampigia simu na atakuja, na kwamba ningependa na yeye akae mbele, nimwombe msamaha watu wakisikia. Aliokota jiwe dogo katika maharagwe, akalitupa uani, akaendelea kuchambua.

"Basi safari hii usichelewe," akasema.