Ukihitaji Chochote, Niambie

Waingereza wana adabu moja ambayo sikuielewa mpaka juzi, katika kliniki ya Ruwais, hapa Jeddah, ninakofanya kazi. Dada wa mapokezi, Mkenya, alikuwa amefiwa na baba yake, na mazishi yalikuwa kesho yake asubuhi. Meneja wetu, mama wa Kiingereza, akaja kaunta, akaweka mkono kifuani.

"Pole sana. Ukihitaji chochote, niambie."

"Asante, madam. Nahitaji ruhusa ya kutoka nchini, sasa hivi. Ndege ni saa tisa, kwa hiyo nahitaji na gari. Siku hizi si unaendesha mwenyewe?"

Mama akawa mwekundu hadi masikioni. Akatazama viatu vyake, akatazama kompyuta. Kisha akabonyeza ruhusa, maana hapa mwajiri ndiye huitoa kwenye kompyuta, na kuchukua funguo za gari.

Aliporudi kutoka uwanja wa ndege aliniambia polepole, "Kwetu mtu akiambiwa hivyo hujibu asante, yakaisha."

"Kwetu anataja anachohitaji," nikamjibu.

Nilipofiwa na mume wangu, mama huyuhuyu aliniambia maneno hayo. Nikajibu asante, kwa heshima zote, nikashinda siku tatu bila wa kunipikia hata uji. Mungu anisamehe, nilikuwa Mwingereza bila kujua.